Sindano ya Kifua Kikuu

Oktoba 1943, katika maabara ya chini ya ardhi ya Chuo cha Rutgers, New Jersey, mwanafunzi Albert Schatz alikuwa akichunguza vijidudu vya udongoni. Kimoja kilitoa kemikali iliyoua bakteria wa kifua kikuu, jambo ambalo penisilini haikuliweza. Dawa ikaitwa streptomaisini, ya kwanza katika jamii ya aminoglikosaidi.

Tuzo ya Nobeli ya 1952 kwa ugunduzi huo alipewa mwalimu wa Schatz, Selman Waksman, peke yake. Schatz alikuwa ameshamshtaki mahakamani. Na kwa haki kabisa.

Dawa za aminoglikosaidi hung'ang'ania ribosomu, karakana ya protini ndani ya bakteria. Maagizo yakisomwa vibaya, protini hutoka mbovu, na bakteria hufa. Hazifyonzwi tumboni, ndiyo maana mgonjwa hana budi kuchomwa sindano. Zikizidi, huharibu figo na masikio. Wapo waliopona kifua wakabaki viziwi.

Uingereza iliijaribu streptomaisini kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Baada ya miezi sita, kati ya 55 waliochomwa walikufa 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, 14. Lakini ikitumika peke yake, bakteria huizoea upesi.

Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipotoa mchango wake. Majaribio yaliyoanza 1970 yalionyesha kwamba streptomaisini pamoja na isoniazidi na rifampisini hutibu kwa miezi 6 badala ya 18.

Leo vidonge vimechukua nafasi ya streptomaisini kwenye kifua kikuu cha kawaida. Ndugu yake, jentamaisini, bado huchomwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu.