Tabdila au Lahaja? Historia ya Istilahi Moja ya Ushairi Darasani

Mwanafunzi wa Kenya anayeanza kusoma ushairi katika sekondari ya msingi hukabidhiwa kwanza istilahi za umbo: mshororo, ukwapi, utao, vina, mizani, kibwagizo. Baadaye huletewa fungu la uhuru wa mshairi, yaani inkisari, mazida, tabdila na kuboronga sarufi. Makala haya yanahusu fungu hili la pili, kwa sababu ndimo historia ya lugha inamopotoshwa bila mtu kukusudia.

Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alimlenga mtunzi, kama jina la kitabu linavyotangaza. Shule imezigeuza sheria hizo kuwa chombo cha uchambuzi. Hapo ndipo swali lilipobadilika: badala ya kuuliza neno gani litatimiza mizani 8 za kipande, mwanafunzi huulizwa kwa nini mshairi "amelibadilisha" neno. Swali hilo linachukulia kwamba kulikuwa na neno la asili, nalo ni la Kiswahili sanifu.

Tuyapime maneno matatu ya Kimvita: mato, ndia na kitwa. Katika Kiswahili sanifu ni macho, njia na kichwa. Kila moja lina mizani mbili huku na mbili kule. Hivyo hoja ya mizani haina nguvu. Hoja ya vina yaweza kusikika pale tu neno linapokaa mwishoni mwa kipande. Likiwa katikati, halina kazi yoyote ya kiarudhi. Hata hivyo majibu ya wanafunzi huyaita maneno haya tabdila, na husahihishwa kuwa ni kweli.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Kamati ya Lugha iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja iliundwa mwaka 1930. Kusema kwamba Muyaka aligeuza macho kuwa mato ni kumshtaki kwa sheria iliyotungwa miaka 90 baada ya kifo chake. (Msomaji aliyelelewa Mvita hahitaji hesabu hii, mato ndiyo aliyofunzwa na mamake.)

Sauti ya Dhiki (1973) ni kesi ngumu zaidi. Abdilatif Abdalla alizitunga tungo hizo akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972, wakati Kiswahili sanifu kilikwisha kutamalaki shuleni na serikalini. Kimvita chake chaweza kuitwa uteuzi. Lakini ni uteuzi wa lugha ya kwao, katika utamaduni wa ushairi ambao lahaja hiyo ilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kuuita ukiukaji ulioruhusiwa ni kuuondolea uzito wake, hasa kwa mfungwa wa kisiasa.

Sidai kwamba uhuru wa mshairi haupo. Inkisari ya kweli hutambulika kwa kipimo chepesi: likirudishwa neno kamili, kipande huzidi mizani. Mwanafunzi wa miaka 13 aweza kukifanya kipimo hicho kwa vidole. Neno likirudishwa na hesabu ikabaki ile ile, kina nacho kisiguswe, jambo la kuuliza ni mtunzi alitoka wapi, na darasani hapo ramani ya Lamu, Mombasa na Unguja itamfaa mwalimu kuliko orodha ya istilahi.