Fahamu aina za fyuzi za magari na hatari ya kuzichanganya

TAA za gari zinapozimika usiku kwenye vilima vya Muyama, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, dereva hujikuta gizani ghafla, na huenda fundi yuko mbali. Mara nyingi kilichoharibika ni fyuzi moja ndogo. Hatari kubwa zaidi huanza pale fyuzi hiyo inapobadilishwa kwa nyingine isiyolingana nayo, au kwa kipande cha waya.

Fyuzi ni sehemu dhaifu iliyowekwa kwa makusudi katika njia ya umeme. Ndani yake mna utepe mwembamba wa metali, aghalabu zinki, unaoyeyuka mkondo unapozidi kiwango. Umeme hukatika kabla nyaya hazijashika moto. Kwa hiyo kazi yake kuu ni kulinda nyaya, na kiwango chake hupimwa kwa ampea.

Aina kuu

Fyuzi za kioo: Ni mirija midogo yenye vifuniko vya chuma katika ncha zote mbili. Hupatikana katika magari ya zamani, zikiwamo Land Rover za miaka mingi iliyopita.

Fyuzi bapa: Hizi zina miguu miwili na mwili wa plastiki wenye rangi. Zilianza kuuzwa mwaka 1976 na kampuni ya Littelfuse ya Marekani, na sasa ndizo zilizoenea zaidi. Zipo za ukubwa wa kawaida, ndogo na ndogo zaidi. Rangi ya kahawia ni ampea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, nyeupe inayopenya mwanga 25 na kijani 30.

Fyuzi bapa kubwa: Hufanana na zilizotangulia, lakini hubeba mkondo mkubwa, kuanzia ampea 20 hadi 80.

Fyuzi za kisanduku: Hukaa chini ya boneti na huwa na kidirisha juu. Hulinda vifaa kama feni ya rejeta.

Fyuzi kuu: Hufungwa kwa skrubu au nati karibu na betri, nayo hulinda mfumo mzima wa umeme.

Rangi pekee haitoshi. Buluu ni ampea 15 katika fyuzi bapa ya kawaida, lakini ni 60 katika fyuzi bapa kubwa. Kijani ni 30 katika bapa ya kawaida na 40 katika ya kisanduku. Namba iliyoandikwa juu ya fyuzi ndiyo ya kufuata. Hata pale mfuniko wa sanduku la fyuzi unapokuwa na maandishi ya Kijapani, kama ilivyo katika magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani, namba za ampea husomeka.

Kwa nini isizidishwe

Taa mbili za mbele za wati 60 kila moja, kwenye gari la volti 12, huchukua ampea 10 kwa pamoja, hivyo fyuzi ya 15 huzitosha. Mkondo ukifika ampea 30, fyuzi hiyo huungua ndani ya sekunde 5. Ikiwekwa ya 30 mahali pake, mkondo uleule utaendelea kupita katika waya usiotengenezwa kuubeba, na waya huo ndio utakaoungua. Ukiwekwa waya mtupu au karatasi ya sigara, hakuna kinga yoyote iliyobaki.

Kabla ya kubadilisha fyuzi, dereva azime gari na kutoa ufunguo. Asipokuwa na ya akiba, anaweza kuazima ya redio, mradi iwe na umbo na ampea zilezile.

Fyuzi mpya ikiungua tena mara moja, kuna shoti. Katika barabara za vumbi, mtikisiko huchubua nyaya zinazogusa bodi, na maji ya masika huingia kwenye viungo. Hapo fundi atafute waya uliochubuka. Kuongeza ampea hakutibu tatizo hilo.