Boila Salama: Kizibo, Vali na Sheria

Hapa Gisenyi gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilianza kutumiwa mwaka 1963 kuchemsha maji katika boila za kiwanda cha bia cha Bralirwa. Boila ni chombo cha chuma kilichofungwa, ambamo maji hugeuka mvuke wenye shinikizo kubwa. Mvuke huo ukikosa njia ya kutokea, chombo hupasuka na kuua.

Ndivyo ilivyotokea Greenwich, Uingereza, mwaka 1803, boila ya mhandisi Richard Trevithick ilipolipuka. Yeye alilaumu uzembe wa mhudumu, lakini hakuishia kwenye lawama. Boila zake zilizofuata alizitia vali mbili za usalama, moja mhudumu asiweze kuifikia. Akaongeza kizibo cha risasi: maji yakipungua mno, moto hukiyeyusha na mvuke hutoka kabla ya maafa. Alisanifu akijua kwamba binadamu husahau.

Hata hivyo, vifaa peke yake havikutosha. Mwaka 1905 boila kuukuu ililipuka katika kiwanda cha viatu mjini Brockton, Marekani, ikaua watu 58. Miaka miwili baadaye jimbo la Massachusetts lilitunga sheria ya ujenzi wa boila.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Raia anayedai mitambo ikaguliwe hamsumbui mwenye kiwanda. Anaulinda uhai wa wafanyakazi.