Lithiamu: Kituliza au Kinga?

Baipola ni ugonjwa unaompandisha mtu kwenye uchangamfu uliopita kiasi, yaani mania, kisha ukamshusha kwenye sonona, na katikati ukamwacha mzima kwa miezi au miaka. Dawa zake kongwe, lithiamu ikiwa ya kwanza, kwa Kiingereza zina jina lenye maana ya kuiweka sawa hali ya moyo. Mfasiri mwenye haraka ataandika ‘dawa za kutuliza hisia’, na hapo ndipo madhara yanapoanza. Kutuliza tunakujua vizuri: dawa ya kutuliza maumivu humezwa maumivu yakiwapo, yakiisha chupa hurudi kabatini. Mgonjwa wa baipola akiifuata istilahi hiyo kwa uaminifu, ataacha lithiamu siku ile ile anapojisikia vizuri. Ninapendekeza ‘kinga ya marudio’, na hoja yangu naijenga juu ya kazi ya Mogens Schou, mtafiti wa Denmark.

Ni kweli kwamba lithiamu iliingia hospitalini kama kituliza. John Cade wa Australia aliwadunga simbilisi chumvi ya lithiamu, akawaona wamelegea, na mwaka 1949 akachapisha taarifa ya wagonjwa 10 wa mania waliopata nafuu. (Simbilisi wale huenda walilegea kwa sumu tu, sayansi nayo ina bahati zake.) Schou na wenzake waliijaribu upya mwaka 1954, wagonjwa wengine wakigawanywa kwa kurusha sarafu. Lakini swali lililomshughulisha zaidi lilikuja baadaye: je, dawa hii yaweza kuzuia ugonjwa usirudi? Mwaka 1967, yeye na Poul Christian Baastrup walitoa matokeo ya wanawake 88 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kabla ya lithiamu ugonjwa ulirudi kwa wastani kila baada ya miezi 8. Walipoitumia, kila baada ya miezi 60 au zaidi.

Pingamizi kali lilitoka London mwaka uliofuata. Barry Blackwell na Michael Shepherd walisema wagonjwa hao waliteuliwa wakati ugonjwa ukiwarudia mno, hivyo huenda wangepata ahueni hata bila dawa, na madaktari walijua nani anameza nini. Pingamizi lilikuwa la haki. Jibu lilikuja mwaka 1970: wanawake 84 waliokuwa wakitumia lithiamu waligawanywa, wengine wakaendelea nayo na wengine wakapewa vidonge vitupu kwa siri. Ndani ya miezi 5, kati ya 39 waliopewa vidonge vitupu, 21 waliugua tena. Kati ya 45 waliobaki na lithiamu, hakuna hata mmoja. Baadaye ilisemwa, kwa sababu nzuri, kwamba kuiacha ghafla kwenyewe huweza kuuamsha ugonjwa, kwa hiyo tofauti ile yawezekana ilitiwa chumvi. Hata hivyo majaribio yaliyofuata yameithibitisha kinga hiyo, na hatari ya kuacha ghafla ni sababu nyingine ya kulikataa neno ‘kutuliza’.

Atakayesema kwamba ‘kinga’ ni ya chanjo, itolewayo kwa asiyeumwa, namjibu kwamba ndiyo maana nimeongeza ‘ya marudio’: anayekingwa keshaugua. Wengine watapendelea ‘vidhibiti hisia’ kwa kuwa tunasema kudhibiti kisukari. Lakini pale kinachodhibitiwa ni ugonjwa. Hapa tungekuwa tunadhibiti moyo wa mtu, na hofu ya kunyang’anywa hisia ni mojawapo ya sababu za wagonjwa kuzikimbia dawa hizi. Kuna pia anayedhani wasemaji wa kawaida hawataelewa dawa inayomezwa na mtu asiye na dalili. Mbona ‘dawa za kufubaza’ virusi vya UKIMWI zimeeleweka mpaka vijijini? Nakubali jambo moja: kinga husikika kama kitu kisicho na hatari, ilhali kati ya kiwango cha lithiamu kinachosaidia na kile kinachodhuru nafasi ni finyu. Kuharisha, kutokwa na jasho jingi, au kumeza diklofenaki kwa ajili ya mgongo kwaweza kuipandisha katika damu hadi iwe sumu. Kwa hiyo damu hupimwa hata mgonjwa akiwa mzima kabisa, na aliyeambiwa kwamba anameza kituliza hana sababu ya kupanga foleni ya maabara siku ambayo ametulia.