Vikosi Maalumu vya Kijeshi: Doria za Mwaka 1915 na Nafasi ya Milima ya Usambara

Vikosi maalumu vya kijeshi, ambavyo wengi huvifahamu kwa jina la makomandoo, hutajwa zaidi katika habari za Uingereza, Marekani, Urusi na Israeli. Ni nadra Lushoto kutajwa katika mazungumzo hayo. Hata hivyo, mwaka 1915, miaka 26 kabla ya Uingereza kuunda kikosi chake mashuhuri cha SAS katika jangwa la Afrika Kaskazini, makundi ya watu wanane hadi kumi yalikuwa yakitoka katika kambi za kaskazini mwa Tanzania ya leo, yakivuka nyika isiyo na maji na kutega baruti chini ya Reli ya Uganda. Nyuma yao, Milima ya Usambara iliwapatia dawa, na reli iliyopita chini ya milima hiyo iliwaletea mahitaji mengine. Watu hao hawakuitwa makomandoo, na Waafrika waliokuwa wengi kati yao hawatajwi kwa majina katika vitabu vingi vilivyomtukuza kamanda wao.

Kikosi maalumu hutambulika kwa kazi yake zaidi ya idadi ya silaha zake. Ni kikundi kidogo cha watu waliochaguliwa na kufundishwa kwa uangalifu, kinachotumwa mbali na jeshi kubwa, mara nyingi nyuma ya mstari wa adui, kwenda kufanya jambo moja ambalo athari yake inazidi kwa mbali idadi ya waliotumwa. Jambo hilo laweza kuwa kuvunja daraja, kukomboa mateka, kumkamata kiongozi wa maadui au kukusanya habari tu na kurudi kimya kimya. Kwa kipimo hicho, doria za mwaka 1915 zilikuwa na karibu kila sifa ya vikosi maalumu, isipokuwa jina.

Jeshi la kikoloni la Wajerumani, Schutztruppe, lilikuwa na chimbuko lake katika kikosi kilichoundwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 ili kuvunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Askari wa kwanza wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri. Baadaye waliingizwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengineo. Ni jeshi hilo hilo lililozima Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi kuliko risasi. Sifa zake za kivita haziwezi kutenganishwa na kumbukumbu hiyo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Agosti 1914, jeshi hilo lilikuwa na kombania 14, Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika takribani 2,500. Kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki za muundo wa mwaka 1871, ambazo kila risasi ilitoa wingu la moshi na kumfichua mpigaji. Jambo lililolipa nguvu ni mpangilio wake. Kila kombania ilikuwa na wapagazi wake, vyakula vyake na bunduki zake za rashasha, ambazo askari waliziita bombomu, hivyo iliweza kutembea na kupigana peke yake kwa muda mrefu bila kungoja amri au msaada kutoka makao makuu. Jeshi lililozoea kuishi hivyo halikuhitaji mafunzo makubwa mapya ili kugawanyika tena katika vikundi vidogo zaidi.

Wakati huo Lushoto iliitwa Wilhelmstal na ilikuwa makao ya utawala wa wilaya. Chini ya milima, katika bonde la Mkomazi na mto Pangani, ilipita reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Reli hiyo ndiyo iliyoamua vita vya Tanga vya tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914. Waingereza walishusha kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India chini ya Meja Jenerali Arthur Aitken. Kamanda wa Wajerumani, Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck, alisafirisha kombania zake kwa treni kutoka Moshi, zikapita chini ya Usambara na kufika Tanga kwa wakati, akiwa na watu wapatao 1,000 tu. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa na waliojeruhiwa, wakarudi melini na kuacha ufukweni mamia ya bunduki, risasi 600,000 na, jambo lililokuja kuwa na uzito baadaye, vilipuzi vya kijeshi.

Miongoni mwa waliouawa Tanga upande wa Wajerumani ni Kapteni Tom von Prince, mlowezi wa Usambara Magharibi, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani. Huyu ndiye aliyepigana na Mtwa Mkwawa wa Wahehe katika miaka ya 1890. Jina la Sakarani limebaki hadi leo karibu na Soni, wilayani Lushoto, ambako pana misheni ya Wabenediktini.

Uamuzi wa kugeukia doria ulizaliwa na ushindi uliogharimu mno. Tarehe 18 na 19 Januari 1915, Wajerumani waliiteka ngome ndogo ya Jasin, karibu na mpaka wa pwani kaskazini mwa Tanga. Walishinda, lakini walipoteza maofisa ambao hawakuweza kuwapata wengine badala yao na wakatumia risasi zipatazo 200,000. Lettow-Vorbeck alipiga hesabu na kuona kwamba kwa akiba aliyonayo angeweza kupigana mapambano ya namna hiyo mara tatu zaidi, si zaidi ya hapo. Tangu hapo nguvu zilielekezwa kwenye Reli ya Uganda, uti wa mgongo wa Waingereza kutoka Mombasa hadi Kisumu, na baadaye pia kwenye tawi la reli lililojengwa kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta.

Doria ya kuvunja reli ilikuwa na watu wanane hadi kumi: Mjerumani mmoja au wachache, askari na wapagazi. Walitoka katika kambi zilizokuwa kati ya Kilimanjaro, Taveta na mpaka, wakaingia katika nyika ya Tsavo. Adui wa kwanza alikuwa kiu. Maji yaliyobebwa yalitosha siku chache tu, na visima vilivyojulikana vililindwa na Waingereza. Zipo habari za doria zilizoishiwa maji hadi watu wakanywa mikojo yao. Aliyejeruhiwa vibaya mbali na kambi hakuwa na matumaini makubwa ya kurudishwa, kwani kumbeba mtu mmoja siku kadhaa katika jua lile kulihatarisha kundi zima. Vifaru na simba nao hawakubagua bendera.

Reli ilipofikiwa, kwa kawaida usiku, vilipuzi vilizikwa chini ya mataruma na nyayo zikafutwa. Baruti ya mashamba ya walowezi ilipatikana kwa wingi, ingawa vilipuzi vilivyotekwa Tanga vilikuwa na nguvu zaidi. Waingereza walijibu kwa kuweka mabehewa yaliyojaa mchanga mbele ya kichwa cha treni ili yalipuke kwanza. Watega baruti nao wakabuni kifaa kilichoacha magurudumu kadhaa yapite kabla ya kulipuka, ili mlipuko uwe chini ya kichwa chenyewe. Lengo halikuwa kuua watu wengi. Lengo lilikuwa kuharibu vichwa vya treni, ambavyo Waingereza walikuwa navyo vichache, na kuwalazimisha kutawanya maelfu ya askari kulinda madaraja, matangi ya maji na stesheni katika mamia ya kilomita. Sambamba na doria hizo zilikuwapo doria za mapigano za askari 20 hadi 30, wenye bombomu moja au mbili, ambazo kazi yao ilikuwa kuvizia misafara na kutoweka.

Doria hizo zisingedumu bila mahitaji ya nyuma. Waingereza walikuwa wameizuia pwani yote. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya meli ya Denmark, ilijaribu kupenya na ikashambuliwa katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Bunduki na risasi zilitolewa katika maji, risasi zikafunguliwa moja moja, zikakaushwa na kufungwa upya. Dawa ilipatikana milimani. Katika Taasisi ya Amani, Usambara Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1902 kwa utafiti wa mimea na kilimo, wataalamu walitengeneza kwinini kutokana na magome ya mikwinini iliyopandwa huko. Kulikuwa pia na dawa ya maji ya magome hayo, chungu kupita kiasi, ambayo wanajeshi waliipachika jina la pombe ya Lettow. Katika vita ambavyo malaria na kuhara viliangusha watu wengi kuliko mizinga, magome hayo yalikuwa na thamani sawa na shehena ya silaha.

Mzigo mzito zaidi uliwaangukia wapagazi na wakulima. Chakula kilichukuliwa vijijini, na wanaume walichukuliwa pamoja nacho. Kutoka Mombo ilitandikwa reli nyembamba ya vigari hadi Handeni, na vigari hivyo vilisukumwa kwa mikono ya watu. Upande wa Waingereza pekee, wapagazi waliokufa katika vita vya Afrika Mashariki wanahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa. Upande wa Wajerumani kumbukumbu za wapagazi ni haba mno.

Mwezi Februari 1916 Waingereza walileta kamanda mpya, Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, na hapo historia ya neno lenyewe inaingia Usambara. Komando ni neno la Makaburu. Lilikuwa na maana ya kikosi cha raia wapanda farasi wa eneo moja, waliojikusanya na bunduki zao vita vilipotokea. Katika Vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, vikosi hivyo viliwasumbua Waingereza muda mrefu baada ya miji yao mikuu kutekwa. Smuts mwenyewe, mwaka 1901, aliongoza komando moja ndani kabisa ya Koloni ya Rasi. Sasa alikuwa akiongoza jeshi kubwa la Waingereza kumfukuza mtu aliyetumia mbinu alizokuwa akizitumia yeye miaka 15 kabla. Farasi wake waliangamizwa na mbung'o. Taveta na Moshi zilitwaliwa mwezi Machi. Baada ya masika jeshi lilishuka kando ya Pangani, na mwezi Juni 1916 Mombo, Wilhelmstal na Korogwe zikaangukia mikononi mwa Waingereza. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Handeni na kusini, hadi waliposalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Mwaka 1940 Waingereza walilichukua neno la Makaburu na kuwapa jina hilo askari wao wapya wa kushambulia pwani za Ulaya iliyotekwa na Wajerumani; aliyelipendekeza, Dudley Clarke, alizaliwa Afrika Kusini. Mwaka 1941 David Stirling aliunda SAS, ambayo nchi nyingi ziliifuata kama mfano. Afrika Mashariki ilishuhudia kazi ya namna hiyo usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomandoo wa Israeli walipotua Entebbe, Uganda, kuwakomboa mateka zaidi ya 100. Kamanda wao wa uvamizi, mateka kadhaa na makumi ya askari wa Uganda waliuawa.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964, lina makomandoo wake, ambao wananchi wengi huwaona katika maonesho ya sherehe za kitaifa. Kazi zao nyingine hazioneshwi uwanjani. Mwezi Machi 2008 Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika operesheni ya Umoja wa Afrika iliyomwondoa Kanali Mohamed Bacar katika kisiwa cha Anjouan, Komoro. Mwaka 2013, kwa Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, iliundwa Brigedi ya Kujibu Mashambulizi mashariki mwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na muundo wake uliweka wazi kuwapo kwa kombania ya kikosi maalumu na upelelezi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kufikia Novemba mwaka huo waasi wa M23 walikuwa wameshindwa katika awamu ile ya vita. Kazi hiyo ina gharama: tarehe 7 Desemba 2017, katika shambulio la Semuliki, walinda amani 15 kutoka Tanzania walipoteza maisha.

Askari wa mwaka 1915 walilipwa takribani rupia 20 kwa mwezi, na katika miaka ya mwisho ya vita hawakulipwa kabisa. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliosalia. Inasimuliwa mara nyingi kwamba wazee wasiokuwa na hati walipewa fimbo ya ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kushika silaha, na kwamba hakuna aliyeshindwa. Malipo hayo yalikuwa ya askari. Wapagazi waliobeba maji na baruti hawakuwa katika hesabu.

Kwa wanaotaka kuyaona maeneo haya, Sakarani iko jirani na Soni, katika barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Amani sasa ina hifadhi ya mazingira asilia na kituo cha utafiti cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyorejeshwa Desemba 2019, hupita Korogwe na Mombo kwenye njia ile ile ambayo kombania zilishukia kwenda Tanga.