Karai la Mpishi: Hoteli za Chai kutoka Stesheni ya Shinyanga hadi Machimbo ya Geita

Kitabu cha kumbukumbu cha hekalu huwa na mambo yake yaliyozoeleka: picha za waasisi, orodha ya wafadhili, taarifa ya ujenzi na salamu za viongozi. Katika maadhimisho haya tumeona vema kutenga kurasa chache kwa ajili ya mahali ambapo sisi na majirani zetu tumekutana mara nyingi kuliko katika ukumbi wowote, nako ni katika hoteli ndogo ya chai. Kwa neno hoteli hatuna maana ya nyumba ya kulala wageni. Tuna maana ile inayoeleweka katika miji yetu: chumba kimoja chenye meza za mbao na mabenchi, birika kubwa lisiloondoka jikoni, na karai la mafuta ya moto karibu na mlango.

Historia ya hoteli hizo haitengani na historia ya reli. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kupitia Shinyanga lilijengwa chini ya Waingereza, nalo likafika Mwanza mwaka 1928. Kwa njia hiyo pamba ya Usukuma ilisafirishwa kwenda pwani, na kwa njia hiyo hiyo wafanyabiashara wengi wenye asili ya Gujarat, Kutch na Kathiawar waliingia bara, wakawafuata wenzao waliokwisha kutangulia. Walifungua maduka na vinu vya kuchambua pamba. Mwaka 1940 almasi iligunduliwa Mwadui, na pilikapilika za mji zikaongezeka.

Palipo na stesheni hapakosi wenye njaa. Abiria aliyesafiri usiku kucha, mchukuzi wa marobota, mkulima aliyeleta pamba yake, karani wa reli: wote walihitaji chakula cha haraka na cha bei nafuu. Unga wa ngano haukuwa zao la Usukuma; uliletwa kwa garimoshi pamoja na majani ya chai na sukari. Dengu, kwa upande wake, zilistawi hapa hapa. Mkulima huzipanda mvua zikielekea kwisha, katika udongo mweusi wa mbuga unaohifadhi unyevu, kisha huzivuna wakati wa kiangazi. Hata leo sehemu kubwa ya dengu za Kanda ya Ziwa husafirishwa kwenda India. Lakini nyingine husagwa, zikakorogwa na vitunguu na pilipili, zikawa bajia.

Wenye hoteli hawakuwa Wahindu peke yao. Walikuwamo Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Waarabu, na Waswahili waliokuja na vitumbua vyao kutoka pwani. Maneno yenyewe yanatoa ushahidi. Mgahawa umetokana na kahawa ya Waarabu, na hoteli imetoka kwa Waingereza. Chapati, bajia, kachori na hilo karai tunalolitaja ni maneno ya Bara Hindi. Sambusa imepita Uajemi, India na Arabuni kabla ya kutua katika sahani ya mkulima wa Shinyanga, naye hakuhitaji kuuliza asili yake ili aione tamu.

Hata hivyo, historia ya kweli haina budi kusema na yasiyopendeza. Wakati wa ukoloni watu walitengwa kwa rangi katika shule, hospitali na makazi. Nasi tulikuwa na kuta zetu wenyewe. Zilikuwapo familia zetu zilizoona kwamba chakula kilichoguswa na mtu asiye wa jamii yao ni najisi, na mtu huyo angeweza hata kuwa Mhindu mwenzao wa tabaka jingine. Wazee hawakutuficha kwamba zilikuwapo hoteli ambamo wengine waliketi ndani na wengine wakapokelea chakula chao dirishani. Mlo ulikuwa mmoja, meza zilikuwa mbali mbali.

Na nyuma ya ukuta huo, nani alikuwa jikoni? Mara nyingi alikuwa kijana wa Kisukuma, wa Kinyamwezi au wa Kiha. Alianza kwa kuosha vyombo na kupuliza moto, akajifunza kwa kutazama, hatimaye akakabidhiwa karai. Yeye hakuhifadhi upishi huo tu, aliugeuza. Chapati ya nyumbani kwetu ni nyembamba na huokwa karibu bila mafuta. Chapati ya mjini ni nene, ina matabaka, na hukaangwa ili imshibishe mtu wa kazi za mikono hadi jioni. Sambusa ya viazi ikapata mwenzake wa nyama. Tunapojisifu kwamba vyakula vyetu vimependwa nchi nzima, tukumbuke kwamba hatukuvieneza sisi. Walivieneza wapishi waliotoka katika majiko yetu wakaenda kuwasha ya kwao.

Jambo hilo lilidhihirika baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyokusudia kuyafunga maduka ya watu binafsi ili maduka ya ushirika ya vijiji yachukue nafasi yake. Familia nyingi zilihamia Uingereza, Kanada au India, na hoteli kadhaa zikafungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 unga, sukari na mafuta viliadimika. Lakini chapati haikuondoka pamoja na waliohama. Ilibaki mikononi mwa mama ntilie, anayeitwa hivyo kutokana na ombi la mteja wake: mama, nitilie, yaani nipakulie.

Mama huyo ndiye aliyeifuata dhahabu. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930, ulifungwa mwaka 1966. Biashara ilipolegezwa masharti, wachimbaji wadogo walimiminika Nyarugusu, Rwamgasa na Kakola. Baadaye ikafunguliwa migodi mikubwa ya kisasa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na Buzwagi 2009. Kila mahali penye machimbo mapya, kabla ya duka la dawa na kabla ya shule, hutangulia turubai, mafiga matatu na sufuria ya wali na maharage. Asubuhi kuna chai na chapati. Mchana kuna ugali na dagaa wa ziwani.

Mchimbaji mdogo kwa kawaida halipwi mshahara wa mwezi. Hupata mgao wa mawe duara linapotoa. Kabla ya hapo lazima ale, na mara nyingi hula kwa mkopo. Mama ntilie huandika katika daftari, naye husubiri. Mawe yakitoka, atalipwa. Yasipotoka, vijana husikia habari za machimbo mengine, huondoka alfajiri, na daftari hubaki na majina matupu. Hivyo mwanamke huyo huchangia mtaji wa dhahabu bila kuwa na mgao katika duara. Zaidi ya hayo, pengine jiko lake liko jirani na mahali panapochomwa zebaki, akavuta moshi wenye sumu pamoja na watoto wake. Sisi ambao babu zetu waliandika kwa Kigujarati madeni ya wakulima, wakisubiri msimu wa pamba, tunalifahamu daftari la namna hiyo. Tofauti ni kwamba mkopeshaji wa leo hana duka la kumkinga.

Siku inayofuata Diwali tunaadhimisha Annakut, mlima wa chakula unaotolewa mbele ya Mungu kisha ukagawiwa watu. Siku hiyo anayegawa haulizi kabila wala dini ya anayenyoosha mkono. Tunafurahi kwamba majirani huja. Lakini kumkaribisha jirani mara moja kwa mwaka hakutoshi kufuta deni la dirisha lile.

Tukiyapitia makabrasha yetu tunawaona wafadhili, wenyeviti na wageni rasmi. Mpishi haonekani, ingawa hakuna sherehe iliyofanyika bila jasho lake. Kwa hiyo tunawaomba wanachama na majirani wenye picha, madaftari au kumbukumbu za waliopika katika hoteli za zamani na katika karamu za hekalu wazilete ofisini, ili toleo lijalo liwe na ukurasa wenye majina yao. Ni malipo madogo, tena yamechelewa, lakini ni heri kulilipa deni hili wakati wangali hai wanaoyakumbuka majina hayo.