Kibali cha kiwanda cha vyuma kuukuu: moshi ukishatoka, nani anajibu?

Uzi wa leo ni wa kibali. Kila mara kiwanda cha kuyeyusha vyuma kuukuu kinapotaka kuingia mahali, mjadala unagawanyika vilevile: hawa wanasema kazi, wale wanasema sumu. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona pande zote mbili huruka swali moja. Mambo yakiharibika, ni ofisi gani itajibu?

Niko Navakholo. Huku skrapu ni biashara ya kawaida: kijana na mkokoteni, mizani ya kuning'iniza, sufuria iliyotoboka, jembe lililovunjika, betri ya gari iliyokufa. Vikishapimwa vinapakiwa kwa lori, na hakuna anayeuliza vinaenda wapi. Basi twende tuone vinakoishia.

Mwaka wa 2007 kampuni ya Kenya Metal Refineries EPZ ilianza kuyeyusha betri za magari kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wenye wakazi karibu 3,000. Walikuwa wanatafuta risasi (ya betri, si ya bunduki, tuelewane). Moshi ukatua juu ya nyumba, maji machafu yakapita mtaani. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwani hakukuwa na sheria? Zilikuwepo, tena nyingi. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka athari zipimwe na leseni itoke kabla mradi haujaanza. Sheria ya 1990 ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, yaani EPZ, ina mamlaka yake na leseni zake. Ile ya vyuma kuukuu ya 1972 ilihusu zaidi wezi na wanunuzi wao. Kila ofisi ilishika kipande chake cha karatasi, na mama anayeanika nguo chini ya ule moshi hakuwa kwenye faili ya mtu.

Phyllis Omido aliajiriwa na kampuni hiyo 2009. Mtoto wake akaugua, akapatikana na risasi kwenye damu. Akaacha kazi, akaanza kupiga kelele pamoja na wakazi. Kiwanda kilifungwa 2014. Hesabu mwenyewe, miaka saba.

Kesi ilifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi 2016, na hukumu ikatoka Julai 2020: fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hapa ndipo nataka mkae kidogo. Mahakama iligawa lawama kwa asilimia. Kampuni iliyoyeyusha betri ilipewa 25, mwenye shamba 5, mamlaka ya EPZ 10, wizara mbili 10 kila moja. NEMA, walinzi wenyewe wa mazingira? 40. Yaani mlinzi alibeba mzigo mkubwa kuliko aliyewasha tanuri!

NEMA walikata rufaa, na 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile fidia. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tangu tanuri liwashwe ilikuwa imepita miaka 17. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho.

Linganisha na Januari 2022. Nguzo za umeme zilianguka, nchi ikaingia gizani, na mwezi huohuo serikali ikasimamisha biashara ya vyuma kuukuu nchi nzima kwa tangazo moja. Kwa hiyo mtu akikuambia serikali haina uwezo wa kusimamisha skrapu haraka, usikubali. Uwezo upo. Inategemea nani ameumia.

Leo mabaraza ya miji ya zamani hayapo, tangu 2013. Leseni ya biashara, mipango ya ardhi na udhibiti wa uchafuzi wa hewa viko kwa kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Leseni ya mazingira iko kwa NEMA. Mfanyabiashara wa vyuma anapata yake kwa Baraza la Vyuma Kuukuu, chini ya sheria ya 2015. Milango mitatu, na kila mmoja unaweza kuelekeza kidole kwa mwingine. Kwa hivyo mtu akija kuwaahidi kazi, msiulize tu ni kazi ngapi. Ulizeni kitayeyushwa nini, maana kukata mabati na kuyeyusha betri ni vitu viwili tofauti kabisa. Ulizeni ripoti ya athari iko wapi, na nyumba ya karibu iko mita ngapi.

Na kuna kifungu ambacho wengi hawakijui. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema anayekwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kuwa kuna mtu ameshaumia. Unaweza kwenda kabla bomba la moshi halijasimamishwa.